Ruta ya kwenye meza inalia na biti inapanda yenyewe, nitengeneze au ninunue nyingine?

MezaYaKona
Wakuu habari za kazi. Naongelea ruta ya mbao, ile ya kuchimba mifereji na kupiga urembo kwenye kingo, siyo ya intaneti, maana kila nikitafuta naletewa mambo ya waifai.

Yangu mota yake inachomoka kwenye besi (kitako chake), nimeifunga chini ya meza kichwa chini na imekaa hivyo kama miaka minne, sijawahi kuishusha, nabadili biti tu na kuendelea. Kazi yangu kubwa ni milango ya kabati kwa hiyo mashine hailali. Sasa ina mambo matatu. La kwanza inalia, si ule mlio tuliouzoea, ni kama filimbi yenye mchanga ndani, na nikiizima inakata ghafla badala ya kuzunguka mpaka ilale. La pili kwenye matundu ya hewa naona cheche nyingi kuliko zamani. La tatu ndilo limenikatisha tamaa kabisa: jana nilikuwa nachimba mfereji wa kina cha milimita 10 kwenye fremu nane, nimeanza vizuri, nafika fremu ya sita napima naona 11, ya nane imefika 12 na nusu. Biti imepanda yenyewe wakati nafanya kazi. Fremu tatu zimeharibika na zilikuwa mbao nilizozichagua moja moja.

Jirani yangu wa karakana anasema tupa hiyo, nunua mpya. Mi sitaki kutupa kitu kinachofaa lakini pia sitaki kung'ang'ania mashine itakayoniumiza mkono. Mnanishauri nini?

KaboniMbili
Pole sana mkuu, mbao nzuri ikiharibika inauma. Usitupe kwanza. Hizo dalili tatu kila moja ina kifaa chake na vyote vinabadilishika: mlio ni beringi, cheche mara nyingi ni kaboni (vile vipande viwili vinavyopitisha umeme kwenye mota), biti kupanda ni koleti (kile kibanio kinachoshika biti) au namna unavyofunga. Kinachoua ruta moja kwa moja ni amecha (ile sehemu ya mota yenye koili inayozunguka) kuungua, na wewe hujasema habari ya moshi wala harufu, kwa hiyo nina matumaini nayo.

Anza na kaboni, ni kazi ya dakika tano. Chomoa plagi ukutani, si kuzima swichi tu, chomoa na uiweke mahali unapoiona kwa macho. Ubavuni mwa mota utaona vifuniko viwili vya plastiki vyenye mfereji wa bisibisi bapa (mashine nyingine vimefichwa, mpaka ufungue kofia ya nyuma), fungua taratibu maana kuna springi inasukuma. Weka alama kaboni ipi ilikuwa upande gani na ilitazama wapi kwa sababu imeshajichonga kufuata mviringo wa komyuteta (ile duara ya vipande vya shaba kwenye amecha), ukiirudisha kinyume inaanza kujichonga upya na cheche zinaongezeka. Ikiwa imefika kwenye mstari wa kikomo weka mpya, na uweke zote mbili, usibadilishe moja. Kama haina mstari mi nikiona zimebaki milimita 6 nabadilisha. Uso wake uwe laini unang'aa, ukiona umemeguka kona au una mashimo basi komyuteta ndiyo inayoila.

Halafu kitu watu wanaruka: irudishe kaboni kwenye nyumba yake uisukume na kidole uone kama inateleza. Vumbi la MDF linaganda mle ndani, kaboni inakwama, inaacha kugusa vizuri, cheche zinaanza, na mtu anaambiwa mota imekufa kumbe ni uchafu tu.

Pembe90
Naunga mkono hapo juu ila mi naomba turudi kwenye biti kupanda, maana hilo ndilo la hatari, beringi mbovu itakupigia kelele lakini biti ikichomoka kwa mizunguko 20,000 kwa dakika haikuulizi kitu.

MezaYaKona una venia (kipimo cha taya cha kupimia unene)? Pima mguu wa biti uliyokuwa unatumia, ile sehemu inayoingia kwenye koleti, halafu tazama kwenye koleti kuna namba imegongwa. Tuletee zote mbili.

MezaYaKona
Asanteni sana. Kaboni nimezitoa, moja imebaki milimita 5 nyingine 8, ile ndefu ilikuwa imekwama kabisa, nimeitoa kwa kuivuta na koleo. Kwa hiyo KaboniMbili umepiga palepale.

Venia: mguu wa biti ni milimita 12.0. Koleti imeandikwa 1/2. Biti hii niliinunua mwezi uliopita, zile za zamani nikipima ni 12.7. Kwenye mguu wa hii mpya kuna michirizi ya kahawia imezunguka kama pete mbili, moja juu moja chini, katikati chuma ni cheupe.

Pembe90
Mkuu hapo ndipo ugonjwa ulipo. Nusu inchi ni milimita 12.7. Biti yako ni 12 kamili. Hiyo 0.7 inaonekana ndogo lakini koleti haikutengenezwa kubana mpaka huko, unakaza nati kwa nguvu zote unaona imeshika, kumbe imeshika kwenye midomo yake tu na katikati haigusi. Zile pete mbili za kahawia ndizo sehemu pekee zilizokuwa zinabana, na ile rangi ni chuma kilichoungua kwa kuteleza. Kila ukisukuma mbao biti inapanda kidogo, mtetemo unaongezeka, inapanda tena.

Kosa hilohilo lipo kwa wadogo: biti ya milimita 6 kwenye koleti ya robo inchi, ambayo ni 6.35. Na 8 inatafutiwa koleti yake ya 8. Hakuna kulazimisha, na usiweke karatasi ya bati kuzunguka mguu wa biti, nimeona mtu anafanya hivyo na nilimwomba azime mashine hapohapo.

Hiyo biti usiirudishe tena hata ukipata koleti ya 12, mguu umeshaungua na huenda umekuwa na mabonde. Na koleti yenyewe ibadilishe, imeshapanuka midomo.

DadaRanda
Niongeze kwenye koleti kwa sababu nimefundisha vijana wengi na wote wanakosea palepale. Biti inaingizwa mpaka mwisho, halafu unairudisha juu milimita 2 au 3 ndipo unakaza. Sababu ni kwamba nati ikikaza inaivuta koleti chini kwenye shimo lake la mteremko, ikishuka inashuka na biti, sasa biti ikiwa imeshagonga chini haina pa kwenda, unahisi mkono umekaza kumbe koleti haijamaliza kufunga. Na ule mzingo kati ya mguu na visu usiingie ndani ya koleti, pale si duara kamili.

Usafi: toa koleti, ichape na brashi ya shaba ya nywele laini ndani na nje, na lile shimo la shafti inapokaa lifute na kitambaa kikavu. Utomvu wa mbao ukiganda mle unafanya koleti ikae upande. Usipake mafuta wala grisi, koleti inashika kwa msuguano, ukiipaka mafuta umeondoa kitu pekee kinachoizuia biti. Mi koleti naihesabu kama kisu, kitu kinacholiwa, na mashine inayofanya kazi kila siku naibadilishia kabla haijaniambia.

KaboniMbili
Sawa, koleti imeeleweka. Sasa beringi.

Toa mota kwenye meza kabisa, ilaze mezani. Chomoa biti. Shika shafti kwa vidole, kaboni zikiwa nje ili zisisuguane, izungushe polepole sana huku sikio liko karibu. Beringi nzima inazunguka kimya kama imeoga mafuta. Mbovu utahisi vijiwe, inasita, inapita, inasita. Halafu isukume shafti kushoto kulia, usihisi mchezo wowote.

Kwa ruta iliyogeuzwa chini ya meza beringi ya upande wa koleti ndiyo inayotangulia kufa, na kuna sababu. Feni ya ruta inavuta hewa kutoka nyuma kwenye waya na kuitoa mbele kwenye koleti. Ukiigeuza, hewa inatokea chini kwenda juu, lakini vumbi nalo linaangukia kwenye lile tundu la pleti (sahani ya mezani inayoshikilia ruta) moja kwa moja juu ya beringi, na ukizima mashine feni inasimama, unga wote uliokuwa hewani unatua palepale. Isitoshe hiyo beringi ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa kukata.

Namba za beringi zimeandikwa ubavuni mwake. Mfano 6003 ni tundu 17, nje 35, unene 10. Ya nyuma mara nyingi ni ndogo, kama 608 ambayo ni 8 kwa 22 kwa 7. Namba mbili za mwisho kwenye zile za tarakimu nne zinakuambia tundu kwa milimita: 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, kuanzia 04 zidisha kwa 5.

Ila hapa wengi wanapotea: herufi baada ya namba. Mtu anakwenda anasema nipe 6003 yenye mpira pande zote anapewa 2RS, anafunga, siku mbili mota inachemka. Mpira wa kugusa una msuguano na una kikomo cha spidi, beringi ya ukubwa huo yenye mpira wa kugusa kikomo chake kiko chini kabisa ya mizunguko 20,000. Ruta inahitaji ile yenye kizuizi kisichogusa, na kila kampuni ya beringi ina herufi zake: NSK wanaandika VV, NTN wanaandika LLB, SKF wanaandika 2RZ. Zile za kugusa kwao ni DDU, LLU na 2RSH. Kwa hiyo soma ile iliyotoka na urudishe ya aina hiyohiyo.

MezaYaKona
Daah, haya mambo ya herufi sikuwahi kuyasikia. Ngoja nifungue nirudi.

MsumenoMpana
Mi nitasema tofauti kidogo wakuu. Kabla mtu hajanunua beringi mbili, kaboni na koleti, apime kwanza amecha, vinginevyo unafufua maiti. Yangu nilifanya hivyo, nikaweka beringi mpya nzuri, nikawasha, cheche zikazunguka komyuteta yote kama pete ya moto. Amecha ilikuwa imeshaungua ndani na jasho lote likapotea.

Ukiwa na mita ya umeme weka kwenye omu ya chini kabisa, pima kipande cha shaba cha komyuteta na cha jirani yake, kisha kinachofuata, zunguka wote. Namba zifanane. Ukikuta pawili pamoja pameruka mbali, koili imekatika au imeshikana. Halafu pima kila kipande na shafti, pasiwe na njia kabisa. Mita ya kawaida inaweza kuikosa koili iliyoshikana kidogo, kwa hiyo tumia na macho: kipande kimoja cheusi kuliko wenzake, vanishi iliyobabuka, harufu. Na zile nafasi kati ya shaba na shaba ziwe safi na zimeshuka chini ya shaba, zikijaa unga wa kaboni zikwangue kwa ncha ya msumeno mwembamba.

KaboniMbili
Hilo ni sahihi kabisa mkuu, nilipaswa kulitanguliza. Amecha kwanza, ununuzi baadaye.

MezaYaKona
Nimerudi wakuu, imechukua Jumamosi nzima.

Amecha ni nzima, vipande vyote vinasoma karibu sawa, kwenye shafti hakuna kitu, shaba ina rangi ya chokoleti hafifu bila doa jeusi. Nilipumua.

Beringi ya mbele nilipoitoa nimeishika mkononi nikaizungusha, inakwaruza mpaka unahisi kwenye mfupa wa kidole. Nimeing'oa kizuizi chake niangalie ndani. Grisi hakuna. Kuna unga wa kahawia umeshindiliwa mpaka umekuwa mgumu kama ukoko, nimeuchokoa na sindano ukatoka kipande kizima chenye umbo la nafasi kati ya gololi na gololi. Gololi zenyewe zimepoteza mng'ao, zina kijivu. Miaka minne ya vumbi imekaa pale na mimi nabadili biti juu yake kila siku.

Ni 6003 LLB mbele na 608 nyuma. Swali, nazirudishaje bila kuziumiza? Nimeona watu wanazigonga na nyundo.

KaboniMbili
Usigonge beringi yenyewe hata mara moja. Sheria ni hii: ikiingia kwenye shafti sukuma pete ya ndani, ikiingia kwenye nyumba sukuma pete ya nje. Ukisukuma pete isiyohusika nguvu inapita kwenye gololi na zinatoboa njia yake, beringi mpya inaanza kulia siku ya kwanza. Tafuta kipande cha bomba au soketi ya spana inayolingana na pete ya ndani tu, isiguse nje, halafu bana taratibu kwenye jiliwa. Nyumba ya alumini ipashe moto kidogo na bloa ya joto, inatanuka, beringi inaingia karibu yenyewe. Na usisahau saklipu (ile pete ya springi inayozuia beringi isitoke), iingie kwenye mfereji wake mpaka usikie.

Kaboni mpya zikishaingia washa mashine bila biti na bila nati, spidi ya chini, dakika kumi hivi zijichonge. Cheche kidogo mwanzoni ni kawaida, zitapungua.

Fundi_Chembe
Nawafuata kimya tangu mwanzo. Mimi yangu imekufa kweli, amecha imeungua na kampuni haitengenezi tena hiyo modeli, kwa hiyo kwangu ni kununua. Mnatazama nini kwa ruta ya kukaa mezani? Nina lifti tayari, kile kifaa cha kushika mota chini ya meza na kuipandisha.

DadaRanda
Kama una lifti jambo la kwanza ni kipenyo cha mota, mengine yote yanafuata. Lifti nyingi zinashika mota ya inchi 3.5, yaani kama milimita 89, hao ni kina Porter-Cable 690 na wenzao. Kubwa zaidi ni inchi 4.2, karibu 107, kama Porter-Cable 7518. Lifti ya 107 unaweza kuipunguza kwa pete za kujazia ikashika 89, ila ya 89 huwezi kuipanua. Ndogo za mkono mmoja nyingi ni 65. Na mota za shingo ya milimita 43 ni familia nyingine kabisa. Pima shimo la lifti kwa venia kabla hujafungua pochi.

Kama mtu hana lifti basi atafute ruta inayopandishwa kutoka juu ya meza. Triton TRA001 ina mpini unaoingia juu kupitia pleti, unazungusha inapanda, na ikifika juu kabisa shafti inajifunga yenyewe unabadili biti kwa spana moja. Ukiweka ruta yoyote ya kudidimiza (ile ambayo mota yake inashuka na kupanda kwenye nguzo za besi) chini ya meza toa ile springi yake kubwa, la sivyo kila ukipandisha unapigana nayo. Itunze, siku ukiirudisha mkononi utaihitaji.

MsumenoMpana
Na nguvu. Mi nasema wati 2,000 kwenda juu, chini ya hapo mezani unajidanganya.

DadaRanda
Hapo kaka sikubaliani, inategemea biti. Mtu anayepiga mifereji ya milimita 6 na kuzungusha kingo ndogo, ya wati 1,200 itamtosha miaka. Nguvu kubwa inahitajika ukiingia kwenye zile biti pana za paneli za milango. Kitu ambacho siwezi kusamehe ni spidi isiyobadilika. Biti ya milimita 89 kwa mizunguko 22,000 ncha yake inakwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde, ukiishusha mpaka 10,000 inakuwa kama 47. Hiyo tofauti ndiyo mwili wako. Mi mpaka milimita 25 naacha juu, mpaka 50 nashusha 18,000, zaidi ya 65 sipandi juu ya 12,000, na sikati kina chote mara moja.

Pembe90
Swichi pia. Mashine ikiwa chini ya meza mkono haufiki haraka, weka swichi ya nje mbele ya goti yenye kujikata umeme ukizimika, isiwake yenyewe umeme ukirudi. Ila hakikisha ruta yenyewe inakubali kuwashwa kwa swichi ya nje, kuna zilizo na ulinzi wake ndani, ukiacha swichi yake kwenye kuwaka zinagoma mpaka uizime na kuiwasha palepale.

Na mtu asiye na lifti akibadili ruta, matundu ya pleti hayatalingana. Toa ile sahani ya plastiki chini ya besi mpya, ibandike juu ya pleti kwa tepu ya pande mbili, matundu ya vichwa vya skrubu yatazame juu kama yalivyokuwa yanatazama mbao, weka katikati kwa kutumia pini, toboa kupitia humo. Ukiigeuza kinyume na matundu hayajapangwa sawa pande zote, umeharibu pleti. Skrubu ziwe na uzi uleule ila ndefu kidogo, kwa sababu pleti ni nene kuliko ile plastiki.

Fundi_Chembe
Shimo la lifti yangu ni 107 na pete za kujazia ninazo kwenye boksi, sikujua kazi yake. Mmeniokolea pesa. Asanteni.

MezaYaKona
Wakuu nawaletea majibu. Beringi zote mbili mpya, kaboni mpya, koleti mpya ya nusu inchi. Mota ilipowaka mara ya kwanza nilidhani haijawaka vizuri, sauti imeshuka hivyo. Nikizima inazunguka sekunde kadhaa inalala polepole. Cheche zimebaki mstari mwembamba wa buluu chini ya kaboni. Nimeazima geji ya saa (ya kupima kuyumba), nimeweka fimbo nyoofu ya 12.7 kwenye koleti na kuzungusha kwa mkono, sindano inacheza chini ya milimita 0.03.

Nimetengeneza na kifuniko cha plaiwudi chenye sumaku, nakiweka juu ya tundu la pleti kila nikifunga kazi, na nimepanga kuishusha mota kila baada ya miezi mitatu kuipuliza.

Biti ya 12 nimeiweka pembeni. Nimetumia ya zamani ya 12.7, nimeiingiza mpaka chini, nimerudisha milimita 3, nimekaza. Nimechimba tena zile fremu tatu kwa mbao nyingine, kisha nikaongeza tano za kazi mpya. Ya kwanza 10.0. Ya nane 10.0.

Pembe90
Safi sana mkuu. Chora mstari mwembamba wa kalamu kwenye mguu wa biti pale unapoingia kwenye koleti, wiki ya kwanza utazame kila jioni kama umesogea.

MezaYaKona
Nimeuchora leo asubuhi. Saa hizi upo palepale.